Nina mchanga wa sentimita 12 kwenye tangi la matumbawe: skima nizime au niiache?

#1 BintiMsasani

Wakuu, habari za jioni. Naomba akili zenu. Nyumbani wameshanichoka, wanasema nimehamishia bahari sebuleni halafu sijui niifanye nini.

Tangi langu ni sentimita 150 kwa 55 kwa 55, na chini yake kuna sampu, yaani tangi la pili la kuwekea mitambo, la lita mia. Lina miezi 14. Nimetandika mchanga laini, unene wake sentimita 12. Piga hesabu, ni karibu lita mia za mchanga, kama kilo 150 hivi. Fundi aliyechonga meza alicheka, kisha akarudi mwenyewe kuongeza miguu. Matumbawe yangu mengi ni laini, magumu ni vipande vinne tu vya kuoteshwa. Samaki ni kangaja mmoja, samaki wa anemoni wawili na wadogo wengine watano. Skima, ile mashine inayopuliza mapovu majini na kupandisha uchafu hadi kwenye kikombe chake, ilikuwa inaunguruma saa 24 tangu siku ya kwanza.

Sasa kuna muuza vifaa mmoja akaniambia, "Dada, mwenye mchanga mnene hana haja ya skima. Mchanga ndio figo za tangi. Skima inakunyonyea chakula cha matumbawe na kuwamaliza watoto wa wadudu wa mchangani." Nikamwamini, nikazima. Leo ni siku ya tisa.

Nilichokiona ni hiki. Kioo nilikuwa nakifuta kila siku ya nne, sasa siku ya pili kimeshaota utando. Maji ukiyatazama kwa ubavuni, ule urefu wa mita moja na nusu, yana unjano kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. pH ya asubuhi ilikuwa 8.0, leo nimepata 7.7. Naitreti iko palepale, 5. Fosfeti imetoka 0.05 hadi 0.09. Na kangaja wangu asubuhi namkuta juu, karibu na mdomo wa pampu, anahema mbiombio.

Lakini pia, nisiwe mnafiki: usiku nikimulika tochi, wale vidudu weupe kwenye kioo wamekuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Na matumbawe laini yamefura vizuri kweli.

Je, niiwashe au nivumilie?

#2 PeregeWaPipa

Nimeweka kambi hapa. Mimi nafuga perege kwenye pipa la lita 200, skima sijawahi kuiona hata kwa macho, ila nataka kujua mwisho wa huyo kangaja.

#3 FundiPampu

Dada washa leo, kabla hujalala. Mengine tutabishana baadaye.

Anachokuambia kangaja ni kwamba hewa haitoshi. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 28 hayashiki zaidi ya kama miligramu 6.4 za oksijeni kwa lita, hata yakishiba. Usiku taa zimezimwa, mwani hautengenezi hewa, na kila kilichomo mle kinavuta: samaki, matumbawe, mawe, na hizo lita mia za mchanga ambazo zimejaa viumbe kuanzia juu mpaka chini. Skima ilikuwa inakupulizia mapovu maelfu kwa maelfu usiku kucha, wewe ukidhani inatoa uchafu tu. Na pH kushuka asubuhi ni mambo hayohayo: kabonidayoksaidi imekosa pa kutokea. Nakisia sebule yako imefungwa madirisha kwa sababu ya AC.

#4 BintiMsasani

Umejuaje kuhusu AC? Haya, naenda kuwasha.

#5 FundiPampu

Subiri! Usiwashe hivihivi. Siku tisa maji yamelala ndani ya mwili wa skima, yameshavunda. Itoe, mwaga, suuza. Shingo ifute vizuri kwa kitambaa, ule utando wa mafuta ukibaki, povu halipandi. Tundu la kuvutia hewa lizibue kwa maji ya moto, chumvi huganda mle. Pampu yake iloweke kwenye siki nusu saa.

Halafu ukiirudisha, shusha kiwango cha maji ndani yake mpaka chini kabisa. Tangi limelimbikiza uchafu wa siku tisa, litatoa povu kama sufuria ya maziwa iliyosahauliwa jikoni. Kaa nayo saa moja la sivyo utapiga deki usiku wa manane.

#6 MzeeRaskazone

Binti, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa.

Aliyekuambia mchanga ni figo hakukosea sana. Alichokosea ni kudhani mwili una figo tu.

Siku ya bamvua, maji yakishapwa, nenda ufukweni sehemu ya karibu na mikoko, pale mguu unapoanza kuzama. Chimba kwa kidole. Sentimita mbili za juu zina rangi ya mchanga wa kawaida. Chini yake unakuta kijivu, halafu weusi kama masizi, na harufu ya yai viza inakupanda puani. Huo ndio mchanga mnene wenyewe, ulikuwepo kabla ya vioo na pampu. Sasa tazama vizuri ukingo wa shimo lako: kila tundu la mnyoo au la kaa, hata likipita katikati ya weusi, kuta zake zina rangi ya kahawia, kama kutu. Mwenye tundu anapitisha maji yenye hewa kila anapopumua na kujipenyeza. Kwa hiyo kule chini si kaburi. Kuna vichochoro vyenye hewa na vyumba visivyo na hewa, vimepakana kwa unene wa ukucha.

Kazi inafanyika kwenye mpaka huo. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza hutoa amonia, bakteria wenye hewa wanaigeuza naitraiti, kisha naitreti. Naitreti ikizama kwenye kijivu inakutana na bakteria wengine, ambao wakikosa oksijeni ya majini huikwapua iliyomo ndani ya naitreti. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, inapanda zake juu na kutoka. Vile viputo vilivyong'ang'ania kioo ndani ya mchanga wako, vingi ni hivyo. Ndiyo maana naitreti yako haikusogea hata baada ya kuzima skima. Mchanga wako unafanya kazi, hongera.

Skima haigusi naitreti hata chembe. Yenyewe inafanya kazi mwanzoni mwa safari. Ule utelezi unaotoka kwenye samaki, kwenye chakula, kwenye matumbawe, una molekuli zenye upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kama sabuni. Zikikutana na kiputo cha hewa zinakishika, zinapanda nacho shingoni, zinaishia kikombeni. Yaani skima inatoa kuni kabla hazijaingia motoni, mchanga unashughulika na majivu.

Na katika majivu hayo kuna fosfeti. Naitrojeni ina mlango wa kutokea angani, fosforasi haina mlango huo. Ikishaingia na chakula, inatoka ukiitoa wewe: kikombeni, kwa kuvuna mwani, kwa kubadilisha maji au kwa dawa ya kuinasa. Usipoitoa, mchanga wa chokaa unaishika kimyakimya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku ukishiba, mwani unaota juu ya mchanga wenyewe na mwenye tangi anaapa hajabadilisha chochote. Hiyo 0.09 yako ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko unjano.

#7 ShekheRuwi

Assalaam alaykum kutoka Maskati. Mzee kasema kweli tupu, lakini msimtishe binti akadhani bila skima ni mauti. Mie nilikaa miaka miwili bila skima, tangi la lita 300, mchanga sentimita 15. Sampuni nikawasha taa usiku, nikafuga mwani ule wa nyuzinyuzi uliokakamaa, na kila wiki mbili nikivuna sahani nzima ya kulia pilau. Maji safi, matumbawe yanakua. Kwa kuwa ule mwani ulikuwa unawashiwa taa usiku, hata pH haikushuka sana asubuhi.

Samaki walikuwa watatu tu. Likizo akaja mtoto wa dada yangu, akaona tangi kubwa samaki wachache, akanihurumia. Tukaongeza wanne. Wallahi haikutimia miezi miwili mawe yote yamevaa manyoya ya kijani. Nikarudisha skima, na ipo mpaka leo. Kosa halikuwa la mchanga, lilikuwa langu na la mtoto wa dada yangu.

Na unjano huo, binti, mkaa unauondoa kwa siku mbili. Mkaa wa matangi, usije ukaenda kuchukua wa mishikaki.

#8 MdauHamburg

Naomba niongeze kidogo, maana mjadala huu ni wa zamani kuliko baadhi yetu.

Watu wameishi bila skima tangu zamani. Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika mwaka 1961 jinsi alivyokuwa akifuga samaki na matumbawe kwa mawe hai (mawe ya baharini yaliyojaa viumbe) na mapovu ya hewa tu. Walter Adey wa Smithsonian kule Washington alitumia vitanga vya mwani unaokwanguliwa mara kwa mara. Jean Jaubert, kule Nice na Monaco, akatumia mchanga wenye nafasi ya maji chini yake. Huku Ujerumani, kundi la Berlin likaenda njia nyingine: mawe hai, taa kali, maji ya chokaa na skima kubwa, mchanga kidogo sana au hakuna. Na Ron Shimek, mtaalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, ndiye aliyewafanya Wamarekani wengi watandike mchanga mnene kwenye miaka ya 1990 kuelekea 2000. Anayekuambia njia ni moja, ana kitu dukani anataka kitoke.

Halafu hili la skima "kunyonya kila kitu". Ken Feldman, mkemia wa Pennsylvania State University, alizipima skima kadhaa na kukuta zinaondoa kama asilimia 20 hadi 35 ya kaboni ogani (ile itokanayo na viumbe na chakula) inayopimika majini, basi. Baada ya hapo kilichobaki hakishikiki na povu hata uiache izunguke wiki. Kwa hiyo skima haiyafanyi maji kuwa matupu. Karibu theluthi mbili au zaidi inabaki kwa ajili ya matumbawe, bakteria na mchanga. Ukisikia mtu analia kwamba skima imemmalizia chakula, muulize kwanza anawalisha nini.

#9 BintiMsasani

Nimewasoma wote, asanteni. Skima imewaka tangu saa nne usiku. FundiPampu ulisema saa moja, mimi nikakaa nayo dakika arobaini, nikaona imetulia, nikaenda kulala. Asubuhi kikombe kimejaa, kimefurika, sampu ina povu, na sakafuni kuna kitu cha rangi ya mchuzi wa nyama chenye harufu ya soko la samaki saa kumi jioni. Nimekubali kosa.

Swali: wale vidudu weupe je? Nimewapenda. Nikiweka taima, skima ifanye kazi mchana na kulala usiku wakati wao wanatoka, si nitapata vyote viwili?

#10 FundiPampu

Kinyume chake. Usiku ndipo hewa inapokuwa chini kabisa, ndipo unapoihitaji. Ukitaka kuipumzisha, ipumzishe mchana, taa zikiwa zinawaka, saa moja au mbili wakati wa kulisha. Tena utaona mwenyewe: ukiweka chakula chenye mafuta, au ukizamisha mkono uliopaka losheni, povu linakaa chini saa nzima hata skima ikiwa inazunguka. Mafuta ni adui wa povu. Kwa hiyo saa hiyo hupotezi kitu.

#11 ShekheRuwi

Mie hapo na FundiPampu hatukubaliani. Matumbawe mengi yanafungua mikono usiku. Nilikuwa nazima skima saa tatu usiku kwa saa mbili, nawapa chakula cha unga, nawasha tena. Samaki hawakulalamika.

#12 FundiPampu

Shekhe, wewe una taa ya mwani inawaka sampuni usiku. Yeye hana.

#13 ShekheRuwi

Hapo umenishika. Endelea.

#14 MzeeRaskazone

Kuhusu vidudu: skima inakamata baadhi, hilo kweli, wale wanaoelea. Lakini wenye nyumba wako mchangani na kwenye mawe wamejificha, na wanazaa kila siku. Binti, mwuaji wao mkubwa si skima. Usije ukauziwa kiti cha pweza yule mchimbaji, mweupe mwenye miiba pembeni ya mikono, eti anasafisha mchanga. Anasafisha kweli: anakula wapangaji wote wa mchanga wako, na akiwamaliza anakufa njaa mwenyewe. Ninyi mtabaki na kilo 150 za mchanga usio na mtu wa kuuchimba. Hapo ndipo vichochoro vya hewa vinaziba na weusi unapanda.

#15 Mkosoaji254

Mnamzungusha dada wa watu bure. Mchanga mnene ni bomu la muda. Atoe wote, abaki na sentimita mbili za urembo, skima ifanye kazi. Mimi niliutoa na sijajuta.

#16 MzeeRaskazone

Ndugu Mkosoaji, bomu haliripuki mpaka mtu aligonge. Nakuambia kwa sababu niliwahi kuligonga.

Nilihama nyumba, mtaa kwa mtaa, si mbali. Tangi lilikuwa na mchanga wa miaka sita. Nikatoa samaki, nikatoa mawe, nikapunguza maji yakabaki vidole vitatu juu ya mchanga, tukalibeba na vijana wanne kwenye kirikuu. Barabara mnazijua. Lilipofika, mchanga umetikisika kama unga kwenye ungo, juu kumetokea mabaka meusi. Nilikuwa nimechoka. Nikajaza maji, nikarudisha samaki, nikalala. Harufu niliisikia, nikajisemea itaisha. Asubuhi samaki wanane walikuwa wamelala chali.

Ukihama, chota sentimita mbili tatu za juu uzitunze kwenye ndoo yenye hewa, hizo ndizo mbegu. Kilichobaki chini kitupe, tandika mpya. Na huyu binti akitaka kuutoa mchanga wake siku moja, autoe kipande kwa kipande, wiki hii upande huu, baada ya wiki kadhaa upande ule. Kwa sasa sioni sababu ya kuutoa. Naitreti 5 kwa samaki wanane si jambo dogo.

#17 Mkosoaji254

Mzee pole. Ila umenithibitishia hoja yangu.

#18 MzeeRaskazone

Nimeithibitisha nusu.

#19 ChumaniPemba

Samahani kuuingilia uzi. Mimi ndio naanza, tangi dogo la lita 160. Mchanga naweza kuchota pwani? Na kwa tangi kama hilo mchanga mnene unafaa?

#20 MdauHamburg

Kwa lita 160 mimi ningeacha. Mchanga wa sentimita 12 unakula nafasi ya samaki, na tangi dogo huyumba haraka. Weka mchanga mwembamba wa sentimita tatu na skima ndogo, au badilisha maji kila wiki kwa bidii.

Mchanga wa pwani hutofautiana. Weka kijiko kwenye glasi, mwagia siki. Ukitoa mapovu ni wa matumbawe na makombe. Ukikaa kimya ni mchanga wa mawe ulioletwa na mto, hautadhuru, bakteria wake watafanya kazi vilevile, ila hautakupa chokaa. Usichote karibu na bandari wala penye mfereji wa mji, na uliza kwanza kama eneo lako linaruhusu kuchota. Matumbawe usiyaguse kabisa. Yale magumu yote yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ya kuoteshwa kwenye matangi yanapatikana.

#21 BintiMsasani

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

pH ya asubuhi sasa 7.9. Nilipotoa mpira wa hewa wa skima nje ya dirisha, ikafika 8.0, sikuamini. Fosfeti imeshuka hadi 0.06. Naitreti bado 5, mchanga haujali kitu. Mkaa nimeweka, siku ya tatu maji yameng'aa mpaka nikadhani mtu amebadilisha taa. Kangaja amerudi kwenye tabia yake ya kufukuza wenzake. Vidudu wamepungua kidogo kwenye kioo, si sana.

Saa saba mchana nalisha, taima inazima skima saa moja na nusu. Nimeridhika.

Janga jipya: Jumamosi umeme ulikatika saa mbili, ukarudi tukiwa harusini. Kikombe kimefurika tena! Hakuna aliyegusa kitu.

#22 FundiPampu

Umeme ukikatika, maji ya tangi la juu hushuka sampuni, kiwango kinapanda. Umeme ukirudi, skima inaanza kuvuta ikiwa imezama kuliko ulivyoitegesha, inatapika. Tafuta kifaa cha kuchelewesha, kama kile cha friji, skima iwake dakika chache baada ya pampu ya kurudisha maji. Na bomba la kikombe lipeleke kwenye dumu lenye kifuniko, kikijaa kijimwagie humo.

Inveta kama unayo, isukume pampu ya mawimbi kwanza. Umeme ukikatika, mchanga wako hausubiri, unaendelea kula hewa.

#23 PeregeWaPipa

Nimefurahi kangaja mzima. Swali la mwisho: hilo juisi la kikombe halifai kwa mbolea? Nina matuta ya mchicha hapa nyuma.

#24 BintiMsasani

Chumvi, ndugu yangu. Nilishalimwaga kwenye mchaichai wa mama mkwe. Umekauka wote, na bado anamlaumu mbuzi wa jirani.